Riwaya Iliyoshonwa Juzuu Nne

Jumamosi moja ya kila mwezi tunakutana watu wachache, wa Nachingwea na wa Ruangwa, kuulizana swali moja: unasoma nini sasa? Mwezi mmoja tunaketi Nachingwea, kwenye baraza ya fundi cherehani nyuma ya soko. Mwezi unaofuata tunaketi Ruangwa, uani kwa muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Sista, ingawa kazi ya wodi aliiacha miaka mingi iliyopita. Hatuna jina, hatuna katiba wala mwenyekiti. Tarehe huamuliwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wetu. Siku ya mechi mjini Ruangwa ni bure kuita watu, kwa maana hata asiyejali mpira hukosa nafasi katika basi dogo la kosta. Na korosho zinapoanza kupokelewa ghalani, karani wa chama cha ushirika, mwenzetu wa tangu mwanzo, hupotea mpaka mnada wa mwisho upite.

Desturi zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba msomaji hutaja pale alipofika, hata kama ni ukurasa wa tatu, wala haombi radhi. Ya pili ilitoka kwa Sista. Siku za mwanzo mtu akimaliza kukisifu kitabu chake alikuwa akisema, "Nawashauri wote mkisome," nasi tunaitikia kwa vichwa, kisha hakuna anayekisoma. Sista alivumilia kwa muda, halafu siku moja akamkatiza karani katikati ya sifa zake.

"Nani huyo wote? Anaumwa nini?"

"Sista, kitabu si dawa."

"Kama si dawa, mbona unatunywesha sote kijiko kimoja? Mtazame mtu mmoja hapa. Mwambie yeye, na umwambie kwa nini yeye."

Tangu hapo hakuna kitabu kinachopendekezwa kwa kundi. Anayependekeza humgeukia mtu mmoja aliyeketi pale, akakitoa kitabu na sababu kwa pamoja. Jambo hilo lilibadili mazungumzo yetu kuliko nilivyotazamia. Mtu anaweza kukisifu kitabu bila kumfahamu yeyote. Lakini hawezi kumpa mwenzake kitabu, na kumweleza mbele ya watu kwa nini kinamfaa yeye, kama hajapata kumsikiliza. Fundi, kwa mfano, husoma tamthilia peke yake, tena kwa sauti, akibadili koo kwa kila mhusika huku cherehani ikienda. Ilituchukua muda kutambua kwamba alikuwa akitupa vitabu kwa kufuata sauti zetu. Karani husoma hadithi za upelelezi tu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefaulu kumtoa huko.

Vitabu vyenyewe ni vichache. Kimoja huletwa na mpwa wa mtu kutoka Dar es Salaam, kingine huazimwa misheni, kingine huokolewa kwenye katoni iliyokuwa ikingoja kuwashiwa moto. Riwaya ninayotaka kuieleza ilitoka katika katoni ya namna hiyo. Sista aliikuta kwenye stoo ya jamaa yake, nene kama tofali, mchwa wakiwa wameshakula pambizo ya chini ya kila ukurasa pamoja na nambari zake. Maneno yalikuwa salama. Alipoisoma na kutusimulia mwanzo wake tu, kila mtu aliitaka, na hapo ndipo tatizo lilipoanza: nakala moja, watu kadhaa, miji miwili.

Fundi aliichukua, akaigeuzageuza kama anayepima kitambaa. "Tuigawe," akasema. "Juzuu nne. Mtu akimaliza ya kwanza anampa mwenzake, yeye anachukua ya pili. Hakuna atakayekaa bure."

"Utaichana?" Sista akauliza, mkono kifuani.

"Nitaifumua. Kufumua si kuchana, Sista. Wewe mwenyewe wodini umefumua nyuzi za watu wangapi?"

Mimi, mwalimu niliyefunzwa kunawa mikono kabla ya kufungua kitabu sikulipenda pendekezo hilo, lakini sikuwa na hoja ya kulipinga. Wanafunzi wa vyuo vya kale vya Ulaya walikuwa wakikodi vitabu kwa vipande visivyofungwa pamoja, wakakinakili kipande kimoja na kukirudisha ili wachukue kingine. Na hapa petu hapakuhitajika mfano wa mbali kiasi hicho. Katika hitima ya kumwombea marehemu msahafu hugawanywa juzuu kwa juzuu. Kila msomaji hupewa yake, wote wakasoma kwa wakati mmoja, na mwisho msahafu mzima unakuwa umesomwa. Ndiyo maana neno juzuu lilimtoka fundi bila kufikiri, na hata Sista, ambaye ni Mkatoliki wa tangu ubatizo, akalizoea.

Fundi aliifumua riwaya kwa wembe, akaigawa, akaipa kila sehemu jalada la kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare za shule. Ili tusichanganye, alishona alama mgongoni mwa kila juzuu kwa uzi mwekundu: uzi mmoja kwa juzuu ya kwanza, nyuzi mbili kwa ya pili, na kuendelea hivyo hadi nne. Nambari za kurasa zilikwisha kuliwa, na sura za riwaya ile hazikuwa na nambari, ila vinyota vidogo tu. Kwa hiyo utaratibu wote wa kitabu ulitegemea nyuzi hizo. Zilitufaa sana. Juzuu zikawa zinapanda kosta ya asubuhi kwenda Ruangwa na kurudi, mikononi mwa kondakta mmoja mwaminifu aliyedhani ni mambo ya dini.

Riwaya ilihusu nyumba moja ya wakulima. Juzuu ya kwanza inamwonyesha mzee mwenye nyumba akimwoza binti yake. Katika ya pili anaishi msimu mmoja zaidi, anaugua, anafariki. Ya tatu inaanza baada ya msiba, wana wawili wakigawana mikorosho ya baba yao kwa hasira, mama yao akiwa kimya. Ya nne mama anasema. Zaidi ya hapo sitaieleza, kwa kuwa huenda msomaji akabahatika kukutana nayo.

Wakati huo ndipo alipojiunga nasi mama mmoja mkulima kutoka kijiji cha Likunja. Alikuwa mjane, eda yake ilikwisha muda si mrefu, na alizoea kupita kwa Sista kila alipoleta ufuta mjini. Sista alimwona akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, akakisoma mpaka pale kilipochanika, kisha akauliza kilikoendelea. Akamleta kwetu. Tukawa tunamwita Mama Likunja.

Siku ya kwanza alikaa kwenye ukingo wa mkeka akasikiliza hadi mwisho, ndipo akazungumza.

"Mimi nataka kuwa nakuja. Lakini niwaambie mapema. Shule nilimaliza darasa la saba, baada ya hapo nikashika jembe. Ninasoma kwa kidole, na midomo inatikisika. Kwenye mkutano wa kijiji waliniambia niwasomee barua ya serikali, nikasoma, vijana wakacheka, mmoja akanirekodi kwa simu. Tangu siku ile sikusoma mbele ya mtu. Mume wangu tu. Yeye nilikuwa namsomea. Basi. Nikichekwa, sirudi. Sitagombana na mtu, ila sirudi."

Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kama mtu anayetaja bei yake ya mwisho, na sote tukamwelewa.

Miezi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa ilipofika alituomba riwaya ile. Sote tulikuwa tumeimaliza isipokuwa karani, ambaye alisema hawezi kupoteza muda kwa kitabu kisicho na polisi. Kwa kuwa Likunja si mahali pa kutuma juzuu moja moja, Sista alimfungia zote nne katika kipande cha kanga. Akaenda nazo. Baadaye alitueleza kwamba alikuwa akisoma adhuhuri chini ya mikorosho, wakati mashine ya kupulizia inapumzishwa, vumbi la salfa likiwa mpaka kwenye kope.

Alirudi siku ya kikao cha Nachingwea. Fundi alikuwa amefagia baraza na kutandika mkeka. Karani alikuwa amekuja na karanga. Sista alikuwa amesafiri na Mama Likunja kutoka Ruangwa na, kwa maelezo yake, njia nzima hakuweza kumtoa neno kuhusu kitabu. "Anataka kusema kikaoni penyewe," akaninong'oneza.

Tulianza na fundi, kisha mimi. Zamu ilipomfikia, Mama Likunja aliziweka juzuu nne mapajani, akazipanga.

"Nimemaliza," akasema. "Nimefika mwisho."

Fundi akapiga makofi. "Msomaji huyo!"

"Ngoja, sijasema bado. Kitabu hiki nampa Karani."

"Mimi?" Karani akaacha kumenya karanga. "Wamo polisi?"

"Hawamo."

"Mwizi je?"

"Wamo ndugu wawili, wanagawana mikorosho ya baba yao."

"Basi wezi wamo," akasema karani, na watu wakacheka. Yeye mwenyewe Mama Likunja alitabasamu, lakini hakuyaacha maneno yake yapotee katika kicheko hicho.

"Nakupa wewe kwa sababu ulituambia habari za mama yako. Alifariki Dar es Salaam, wewe uko ghalani na magunia ya watu. Ulipofika walikuonyesha kaburi."

Karani akakiweka chini kibakuli cha karanga.

"Sasa humu kuna mzee. Mwanzo yupo nyumbani, anamwoza binti yake, ana maneno mengi. Ukifungua juzuu inayofuata, mzee hayupo. Hukuambiwa aliugua nini. Hukuambiwa alizikwa lini. Watoto wanagombania miti tu, na mama yao kainama. Nikasema, ndivyo. Ndivyo ilivyo hasa. Mimi nilirudi nyumbani kuchukua shuka, nikapanda gari kurudi hospitali, nikakuta kitanda kimetandikwa. Mume wangu hakuniambia kitu. Hata kwaheri."

Cherehani ya jirani ilikuwa ikienda, tuliisikia sote.

"Halafu nikafungua juzuu ya baada ya hapo, na mzee anaingia na kapu la ming'oko ya kuchemsha, kaichimba porini."

Sista alinitazama. Mimi sikumtazama, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Kaingia tu, kama katoka shamba. Anamwambia mkewe abandike maji. Mke hashangai. Watoto hawashangai. Wanakula. Anakaa anakisuka upya kitanda cha kamba, anagombana na yule mtoto mdogo, anakohoa. Nikadhani nimekosea, nikarudi nyuma, nikasoma upya kwa kidole. Ni yeye yule. Mwandishi haelezi karudije. Nikasema, huyu mtu anajua. Maana mimi mume wangu hakuondoka siku ile. Jioni namsikia anavuta kigoda chake. Nikimwambia mtu atasema nimechanganyikiwa, nyamaza, soma dua. Lakini huyu kaandika. Na mwisho wa juzuu hiyo mzee anaugua taratibu, anamwita kila mmoja, anampa neno lake, ndipo anakufa. Anakufa mara ya pili. Ila mara hii kaaga."

Akamnyooshea karani rundo lile.

"Ndiyo sababu nimekupa wewe."

Karani hakulipokea mara moja, si kwa kulikataa, bali kwa sababu alikuwa akijifuta macho kwa kiganja kilichojaa maganda ya karanga. Fundi ndiye aliyenyoosha mkono. Akaipitisha juzuu moja moja mbele ya macho yake mpaka alipofika kwenye ile ya ugomvi wa mikorosho, ambayo kwa haki ni ya tatu. Mgongoni ilikuwa na nyuzi mbili. Pembeni yake palikuwa na matundu ya sindano yaliyo matupu, pale uzi wa tatu ulipokatika, pengine garini, pengine ndani ya kanga. Alinionyesha matundu hayo kwa ukucha. Huko Likunja kulikuwa na juzuu mbili zenye nyuzi mbili, na Mama alikuwa amechukua iliyokuwa juu.

Nilijiuliza kwa nini hakutilia shaka, na nadhani jibu halikuwa gumu. Alizoea kuona juzuu zikisomwa hitimani bila kungojana na bado zikawa kitu kimoja. Na kile alichokisoma kilikuwa kimefanana mno na maisha yake hata asiweze kukiona kuwa ni kosa.

Ilitubidi tuamue, na hatukuwa na nafasi ya kushauriana. Kunyamaza kulionekana kuwa huruma, lakini karani angeisoma riwaya, fundi angekuwa ameishona ile alama, mzee angekufa asirudi, na karani angeuliza mbele ya watu kwamba yuko wapi huyo aliyerudi baada ya kufa. Sista alifikia mahali hapohapo kabla yangu.

"Mama," akaanza, "hizi juzuu ulizisoma kwa..."

Mama Likunja akatutazama mmoja mmoja. "Nimekosea nini?"

Ndipo fundi akacheka. Hakutabasamu, alicheka kifua kizima, hata mwenye duka la jirani akachungulia. Niliona uso wa Sista ukikakamaa, na nadhani wangu pia.

Tulichosahau, kwa kuwa hakikutuhusu sisi wawili, ni kwamba ukoo wa fundi na ukoo wa Mama Likunja ni watani tangu mababu. Sista ndiye aliyewahi kunisimulia maziko ya mume wa Mama Likunja: mtu wa ukoo wa fundi alishuka kaburini, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Kicheko cha mtani hakina fedheha ndani yake. Ni haki yake, na karibu ni wajibu wake, hasa pale wengine wote wanapokuwa hawajui waweke wapi nyuso zao.

"Ukoo wenu huu!" fundi akasema, akifuta machozi. "Kuzika mnazika wenyewe, halafu mnafukua wenyewe! Hata wa kitabuni hamkumwacha apumzike!"

Mama Likunja akaitengeneza kanga begani.

"Nyinyi mnaolala kaburini kwa ajili ya kuku ndio wa kuniambia mimi? Sema umeharibu nini. Kicheko hicho nakijua, ni cha fundi aliyekata kitambaa cha mtu."

"Uzi umekatika, mtani wangu. Ona."

Alimpa ile juzuu. Yeye akahesabu kwa kidole, kisha akapapasa matundu matupu, akahesabu tena.

"Hii ni ya tatu."

"Ya tatu."

"Na ile ya ming'oko ndiyo ya pili."

"Ndiyo ya pili."

"Fundi gani wewe, uzi unakatika umelala ndani ya kanga? Ndiyo maana watoto wa mtaa wa Nambambo wanatoka kwao na sare, wakifika shule wamebaki na mkanda!"

Hapo hata karani alicheka, na Sista akacheka mpaka akaomba maji. Nilidhani jambo limekwisha. Lakini Mama Likunja hakuwa amemaliza. Aliyaacha makelele yapungue, akanigeukia mimi.

"Mwalimu. Kwa hiyo hakurudi."

Nimefundisha watu kusoma vitabu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikumbuki kuulizwa swali zito kuliko hilo. Kulikuwa na majibu laini kadhaa, na kila moja lingekuwa namna ya kumdharau.

"Kwa jinsi mwandishi alivyopanga, Mama, hakurudi. Anafariki mwishoni mwa juzuu ya pili, na baada ya hapo hatokei."

"Hata mara moja?"

"Anatajwa. Hatokei."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kukunja kile kipande cha kanga kilichofungiwa juzuu, pembe kwa pembe, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wake wa safari. Kicheko hakikumfukuza, lakini niliona kwamba jibu langu lingeweza kumfukuza. Alikuwa amepewa kitu katikati ya mashamba, na sasa watu waliosoma zaidi yake walikuwa wamemwambia hakikuwamo.

"Mama," Sista akasema, "kuchanganya juzuu si aibu, ni uzi tu..."

"Ngoja kidogo, Sista." Aliendelea kukunja. Kisha akaacha. "Basi mwandishi ndiye aliyekosea."

"Mama! Kitabu si chake?"

"Chake, sijakataa. Lakini yeye kazika wangapi?"

Sista, aliyefumba macho ya watu wengi kuliko yeyote kati yetu, akakunja vidole kama anayehesabu.

"Mimi nimezika mume na watoto wawili," Mama Likunja akasema. "Mtu hafi kwanza ndipo ukamkosa. Unamkosa kwanza, hujui hata imekuwaje. Halafu anaanza kuja. Anakuja, anakuja, mpaka siku moja anakuaga. Kama mwandishi hajui hivyo, ni kwa sababu bado hajafikwa. Akifikwa atapanga upya."

Mpaka leo sikubaliani naye kikamilifu. Riwaya ile imejengwa ili juzuu ya tatu iume, na huuma kwa sababu tumeyaona mazishi na tunajua kwamba mzee hatarudi kuwakemea wanawe. Ukiigeuza unapata kitu kingine, na kitu hicho si cha mwandishi. Nilikuwa na maneno hayo tayari, yamepangika vizuri. Sikuyasema, kwa sababu karani alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Nipe," akamwambia Mama Likunja. Si fundi, si mimi.

Fundi alikuwa ameshatia uzi mwekundu kwenye sindano. "Ngoja niirudishie alama yake, isije ikakuchanganya na wewe."

"Usishone," karani akasema. "Yeye ndiye aliyenipa. Anipangie alivyosoma yeye."

Mama Likunja alimtazama karani kuhakikisha kwamba hakuwa akifanyiwa hisani. Karani si mtu wa hisani. Ni mtu anayerudisha gunia kwa sababu ya unyevu mdogo, hata la shemeji yake. Mama Likunja aliridhika.

"Shika sindano yako," akamwambia fundi. "Utashona akimaliza." Akazitwaa juzuu, akazipanga upya juu ya goti: ile ya harusi, kisha ile ya ugomvi, kisha ya ming'oko, na ya mwisho chini. Akaikunjua ile kanga aliyokuwa akiikunja, akazifunga ndani yake, akafunga fundo. "Usichungulie mbele. Na hiyo ya ugomvi itakuuma, lakini isome yote. Usiruke."

"Siruki," karani akasema.

Kikao kilichofuata kilikuwa Ruangwa. Sista alikuwa amebandika chai mapema, na mara mbili alitoka hadi barabarani kwa kisingizio cha kutupa takataka. Sikumwuliza anamtazamia nani. Mama Likunja alishuka kwenye bodaboda akiwa amebeba ndoo ya mbaazi, akagombana na dereva kuhusu vumbi aliloogeshwa, akaingia uani, akavua kandambili, na safari hii hakukaa kwenye ukingo wa mkeka.

Zamu ilianzia kwa karani. Alikuwa na lile furushi mapajani.

"Nimefika pale mzee anapoweka kapu chini," akasema.

"Kisha?" Sista akauliza.

"Basi. Hapo hapo."

"Mwezi mzima, Karani?"

"Nimefika juma la kwanza. Sijaendelea tu."

Mama Likunja alikuwa ameshamsogelea karani.

"Mkewe kashabandika maji?"

"Kabandika. Anatafuta chumvi, haioni."

"Ipo juu ya dari la jiko. Yule mtoto mdogo ndiye kaiweka huko. Utaona."

"Mama yangu naye alikuwa hivyo," karani akasema. "Chumvi anaificha, halafu anatuuliza sisi."

"Mwandikie mwandishi umwambie." Akacheka mwenyewe.

Waliendelea hivyo, wakizungumzia nyumba ile kama watu wenye ndugu mmoja anayeishi kijiji cha pili: kitanda kilichohitaji kamba mpya, ukaidi wa yule mtoto, kama ming'oko ya mwaka ule ilikuwa mizuri. Zamu haikuendelea. Sista aliiacha, akaenda kuongeza maji katika birika, na fundi akafungua tamthilia yake akaanza kusoma kimya, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nimeona mbele kidogo anakohoa," karani akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Ndiyo imeanza?"

"Nilikwambia usichungulie."

"Mstari mmoja tu."

"Kile ni kikohozi cha vumbi," Mama Likunja akasema. "Bado una muda naye."